Mlima wa theluji wenye moto tumboni: Historia ya watu wanaoteleza juu ya volkano hai

Safari ya wikiendi na washkaji inapangwa hivi: gari la nani, mafuta nani anachanga, kulala wapi, hali ya hewa ikoje. Basi huko New Zealand kuna mlima ambao kwenye orodha hiyo kunaongezeka swali moja: volkano leo imeamkaje?

Mlima wenyewe unaitwa Ruapehu. Uko katikati ya Kisiwa cha Kaskazini, una urefu wa mita 2,797, na ndio mrefu kuliko wote kwenye kisiwa hicho. Kipindi ambacho Dar watu wanafurahia kipupwe, kule ndio baridi kali yenyewe. Kuanzia Juni hadi Oktoba theluji inajaa na watu wanapanda na skii zao mgongoni. Upande wa kaskazini magharibi kuna eneo la Whakapapa, kusini magharibi kuna Tūroa, na mashariki kuna kaeneo kadogo ka Tukino. Na juu kabisa, pale ambapo milima mingine ina jiwe na bendera, huu una ziwa la maji ya moto yenye asidi, limekaa juu ya tundu la volkano.

Ndiyo, volkano hai. Haijalala, haijastaafu. Na watu wanalipia tiketi kwenda kuteleza hapo.

Ukiwa mpenzi wa filamu, kuna uwezekano umeshaiona bila kujua. Zile sehemu za miamba meusi ya Mordor kwenye The Lord of the Rings zilipigwa kwenye miteremko ya mlima huu. Lakini stori yake halisi haihitaji majini wala pete.

Vilele vilivyotolewa ili visiuzwe

Kabla ya skii kulikuwa na wenyewe. Kwa Wamaori wa kabila la Ngāti Tūwharetoa na majirani zao, mlima huu si mandhari ya kupigia picha. Ni mzee wa ukoo, babu kabisa, anayetajwa mtu anapojitambulisha anatoka wapi. Kilele chake ni mahali pa heshima.

Miaka ya 1880 walowezi walikuwa wanaimaliza ardhi kwa kasi. Mahakama ya ardhi ilikuwa inagawa maeneo vipande vipande, na kipande kikishakuwa na jina la mtu mmoja, kukiuza ni rahisi. Chifu mkuu wa Tūwharetoa akaona mbali: vilele navyo vitakatwa viwanja. Mwaka 1887 akavikabidhi kwa serikali ya Malkia ili viwe mahali palipotengwa, visiguswe na mnunuzi yeyote. Hapo ndipo ilipoanzia Hifadhi ya Taifa ya Tongariro, ya kwanza nchini humo. Mwaka 1993 UNESCO iliipa pia hadhi ya urithi wa dunia kwa sababu ya utamaduni wa watu wake, ikiwa sehemu ya kwanza duniani kuingia kwa kigezo hicho cha mandhari ya kiutamaduni.

Kumbuka hilo, maana baadaye litarudi likiwa mezani na tingatinga.

Reli ikafungua njia

Mwaka 1908 reli ya kuunganisha Auckland na Wellington ilikamilika, ikipita chini ya mlima. Ghafla mtu wa mjini angeweza kupanda treni na kushuka karibu na theluji. Miaka mitano baadaye, Julai 1913, vijana wawili walioagiza skii kutoka ng'ambo wakapanda nazo Ruapehu. Hakukuwa na lifti wala kahawa ya moto ikikusubiri chini. Unapanda kwa miguu, unateleza dakika chache, unapanda tena. Wakanogewa, wakaanzisha klabu mwaka huohuo. Ndio mwanzo wa mchezo huo kwenye mlima huo.

Mwaka 1929 ikafunguliwa hoteli ya kifahari chini ya mlima, Chateau Tongariro. Matajiri wakaanza kwenda kupiga picha na kucheza gofu. Volkano ilikuwa inajulikana kuwa ipo, ila ilichukuliwa kama mzee wa nyumbani anayekohoa chumba cha nyuma: anasikika, hasumbui.

Mwaka 1945 akaamka. Kwa miezi kadhaa Ruapehu ilitoa majivu yaliyosambaa sehemu kubwa ya kisiwa. Lava ilipanda kutoka chini ikalisukuma ziwa lote nje ya kreta. Milipuko ilipoisha, kreta ikabaki tupu, kisha maji yakaanza kurudi taratibu, mwaka baada ya mwaka. Tatizo ni kwamba safari hii ukingo wa ziwa ulikuwa na tabaka la majivu na mawe laini yaliyorundikwa na mlipuko. Yaani bwawa la asili, lililojengwa na fundi asiyejali ubora.

Hakuna aliyekuwa analipima.

Mkesha wa Krismasi, 1953

Tarehe 24 Desemba 1953 New Zealand ilikuwa kwenye shamrashamra. Malkia Elizabeth, aliyevikwa taji mwaka huohuo, alikuwa ameingia nchini siku moja kabla. Treni ya usiku kutoka Wellington kwenda Auckland ilijaa familia zenye zawadi mikononi.

Jioni hiyo lile bwawa la majivu likaachia. Maji ya ziwa yakashuka kwa nguvu kwenye mto Whangaehu, yakizoa mchanga, barafu na mawe njiani. Mchanganyiko wa aina hiyo unaitwa lahari. Si maji na si udongo. Ni kama zege bichi linalokimbia. Likafika kwenye daraja la reli mahali panapoitwa Tangiwai na kuvunja nguzo zake. Jina hilo kwa Kimaori maana yake ni maji yanayolia, na lilikuwepo kabla ya usiku huo.

Karani mmoja wa posta alikuwa anapita na gari, akakuta barabara imefunikwa na mto. Akaona taa ya treni inakuja. Akachukua tochi, akakimbia kando ya reli akiipunga. Dereva wa treni alifunga breki, lakini umbali haukutosha. Injini na mabehewa matano ya mbele yakatumbukia. Behewa la sita likabaki linaning'inia. Yule karani akaingia ndani pamoja na mfanyakazi wa treni kuwatoa watu, behewa nalo likaanguka wakiwa humohumo. Wakavunja dirisha, wakaokoa waliowezekana.

Kati ya watu 285 waliokuwa kwenye treni, 151 walikufa. Miili 20 haikupatikana kabisa. Hadi leo ndiyo ajali mbaya kuliko zote za reli nchini humo.

Mmoja wa waliokufa alikuwa mchumba wa mchezaji wa timu ya taifa ya kriketi. Kijana alikuwa Johannesburg kwenye mechi dhidi ya Afrika Kusini. Siku ya mchezo, tarehe 26, alibaki hotelini na msiba wake. Uwanjani wenzake walikuwa wanaumizwa na mipira ya kasi, wengine wamepelekwa hospitali. Zamu yake ilipofika kila mtu alijua hatokei. Akatokea. Alikuwa anasikiliza redioni hotelini, akachukua vifaa akaja. Uwanja mzima ukasimama kimya. Mwenzake aliyekuwa na bandeji kichwani akamfuata katikati ya uwanja, na kwa dakika kama kumi wakapiga mikimbio 33. Timu yao ilifungwa, ila matokeo ya mechi hiyo watu wengi hawayakumbuki. Wanachokumbuka ni yule kijana akiingia. Mwaka 2011 stori yake ikatengenezewa filamu ya televisheni.

Tangiwai iliwafundisha watu jambo moja: Ruapehu inaweza kuua bila hata kulipuka. Usiku ule hakukuwa na moto. Lilikuwa ziwa tu limepata mlango.

Usiku wa bahati, 1969

Miaka ya sitini mchezo ulishakuwa wa watu wengi. Lifti za viti zimefika, vibanda vya klabu vimejaa mlimani, mwisho wa wiki foleni ni ndefu.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, kuamkia Jumapili ya tarehe 22 Juni 1969, mlima ukalipuka. Maji ya ziwa yakarushwa juu ya theluji na lahari zikashuka katikati ya eneo la Whakapapa, palepale ambapo watu huteleza. Kibanda cha kuuzia vinywaji na chakula kikabomolewa. Hakufa mtu, kwa sababu moja tu: kulikuwa na giza na watu walikuwa wamelala.

Fanya hesabu ndogo. Mlipuko uleule ungetokea saa kumi na mbili baadaye, ingekuwa Jumapili mchana. Foleni ya lifti ingekuwa ndani ya bonde, na bonde ndiyo njia ya lahari. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kulitazama eneo la burudani kwa jicho jingine. Kilichookoa watu kilikuwa saa ya ukutani, na saa haiwezi kuwa mpango wa usalama.

1995: Mlima unajirekodi

Septemba 1995 volkano ikaanza tena, na safari hii kamera zipo. Jumamosi ya tarehe 23, alasiri, nguzo nyeusi ya majivu na mvuke ikapanda juu ya kilele huku watu wakiwa bado wanaonekana kwenye theluji upande wa chini. Picha zile zilizunguka dunia. Lahari zikashuka pande kadhaa za mlima, pamoja na Whakapapa. Tena hakufa mtu. Msimu ukafungwa kabla ya wakati. Juni 1996, msimu mpya ukiwa ndio kwanza unaanza, mlima ukalipuka tena, majivu yakafunga viwanja vya ndege. Miaka miwili mfululizo wafanyabiashara wa miji ya chini walikula hasara.

Ila wataalamu waliona kitu kibaya zaidi. Ziwa lilikuwa limemwagika lote, na ukingoni kumebaki rundo jipya la majivu laini. Stori ya 1945 inajirudia neno kwa neno. Ziwa litajaa, bwawa litaachia, na mto ni uleule wa Tangiwai. Tofauti ni kwamba safari hii watu walijua.

Tingatinga au king'ora?

Hapo ukazuka mjadala mkali. Wengine walisema jambo ni rahisi: peleka tingatinga kileleni, chimba mfereji kwenye ukingo, maji yatoke kidogokidogo, yaishe. Kwa nini kusubiri msiba unaojulikana?

Wengine wakasema hapana. Kwanza, kilele kile kilikabidhiwa 1887 ili kisiguswe; Wamaori hawakutaka kichwa cha babu yao kichimbwe na mashine. Pili, kupeleka wafanyakazi na mitambo kwenye ukingo wa kreta hai ni hatari nyingine juu ya hatari. Tatu, ukichimba leo utachimba kila baada ya mlipuko, milele.

Uamuzi ukawa kuuacha mlima ufanye yake na kuwaondoa watu njiani. Vikafungwa vipimo mtoni na kileleni. Ukajengwa ukuta wa udongo kuzuia lahari isiruke upande wa barabara kuu. Ukawekwa utaratibu wa kusimamisha treni na kufunga barabara mara vipimo vikilia.

Haukuwa uamuzi wa kulala usingizi. Ungefeli, walioupitisha wangebeba majina mengine 151. Wakasubiri miaka.

Jumapili ya tarehe 18 Machi 2007, asubuhi, bwawa likaachia. Takriban mita za ujazo milioni 1.3 za maji zikashuka Whangaehu. Vipimo vikalia. Treni zikasimama, barabara zikafungwa. Lahari ikapita chini ya daraja la Tangiwai ikaenda zake. Aliyeumia: hakuna. Mto uleule, reli ileile, miaka 53 baadaye.

Mwalimu na jiwe

Ingekuwa filamu, ingeishia hapo. Lakini Ruapehu haikusoma muswada. Miezi sita baadaye, usiku wa Jumanne tarehe 25 Septemba 2007, mlima ukalipuka ghafla kwa dakika chache. Kiwango cha tahadhari kilikuwa cha chini, kile cha siku zote.

Wapandaji wawili walikuwa wamelala kwenye kibanda karibu kabisa na kreta. Mawe na maji ya tope yakavunja mlango. Jiwe kubwa likambana mguu mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 22. Rafiki yake alijaribu kumtoa akashindwa. Ikabidi wachague kitu ambacho hakuna rafiki anataka kuchagua: akamwacha pale, akashuka peke yake gizani kutafuta msaada. Waokoaji walimkuta mwalimu yuko hai, baridi karibu imalize kazi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Baadaye alianzisha programu ya kuwafundisha vijana kupenda mazingira ya nje na kujiamini. Milima hakuiacha.

Eneo la kuteleza lilikuwa limeshafungwa kwa siku hiyo. Lahari ilishuka hadi sehemu ya juu ya Whakapapa ikakuta theluji tupu. Saa ya ukutani tena.

Sio Ruapehu peke yake

Januari 23, 2018, kwenye eneo la kuteleza la Kusatsu huko Japani, volkano ililipuka asubuhi bila onyo, mawe yakanyesha juu ya watu. Askari mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi ya skii alikufa na wengine wakajeruhiwa. Macho ya wataalamu yalikuwa kwenye kreta nyingine ya mlima huohuo.

Na huko huko New Zealand, Desemba 9, 2019, kisiwa cha Whakaari kililipuka kukiwa na watu 47 juu yake, wengi watalii wa meli. Walikufa 22. Kiwango cha tahadhari kilikuwa 2, kimepandishwa wiki kadhaa kabla, na safari ziliendelea. Tangu hapo swali likawa mahakamani na mezani kwa kila anayeuza tiketi ya volkano: mteja aliambiwa nini, na alielewa nini?

Leo safari inapangwaje?

Mtu wa Auckland anayetaka kwenda Whakapapa anaangalia theluji, barabara, na kiwango cha tahadhari. Taasisi ya GeoNet inakitangaza hadharani, kuanzia 0 hadi 5. Kwa Ruapehu, 1 ni hali ya kawaida, kwa sababu mlima huu hauishiwi kabisa na kelele. Mwaka 2022 kiwango kilipanda hadi 2 kwa miezi kadhaa, na ziwa likapata joto la kuzidi nyuzi 40.

Mlimani kuna mtambo unaotambua mlipuko na kupiga ving'ora. Maelekezo ni mafupi: ukisikia king'ora, toka bondeni, nenda kwenye mgongo wa mlima. Usiteleze kushuka chini. Hilo ndilo gumu, maana akili ya mtu mwenye skii miguuni inamwambia kimbia chini, na chini ndiko lahari inakokwenda. Inakimbia kuliko wewe. Una dakika chache tu kufanya jambo sahihi. Ndiyo maana mazoezi hufanyika, king'ora kinapigwa, wafanyakazi wanawaelekeza watu. Na waliofuatilia mazoezi hayo waliona kitu ambacho hakitamshangaza mtu yeyote wa mjini: wapo wanaosikia king'ora na kuendelea kuteleza.

Mtambo unaweza kusikia mlipuko, ila hauwezi kumshika mtu mkono.

Kilichokuja kuuma kweli

Sasa kuna kituko cha mwisho. Oktoba 2022 kampuni iliyokuwa inaendesha Whakapapa na Tūroa iliwekwa chini ya wasimamizi kwa madeni. Februari 2023 hoteli ya Chateau nayo ikafunga milango. Volkano haikuhusika. Kilichoiangusha kampuni ni korona iliyofunga safari, kisha msimu wa 2022 wenye theluji kiduchu. Wenye vyumba vya kulala wageni na maduka ya kukodisha skii, watu walioishi miaka yote na hofu ya moto, wakajikuta wanaangushwa na kukosa baridi.

Kwa miaka mia na zaidi swali la Ruapehu lilikuwa kama mlima utawaruhusu watu wateleze. Vijana wale wawili wa 1913 hawakuwaza hata siku moja kwamba king'ora kingekuja kuwa na majibu, ila theluji yenyewe ndiyo ingekuwa ya kubahatisha.

Haya, tiketi imelipiwa, kiwango kinasoma 1, anga ni la bluu na washkaji wako garini wanapiga honi. Wewe unapanda au unabaki?